Mtihani wa Fundi Mizani

Jumatatu, 8 Julai

Nesi wa zahanati amenipa adhabu ya kuandika. Anasema presha yangu inapandishwa na kelele ninazopiga. Nikamwambia mimi sipigi kelele, na watu wote waliokaa kwenye benchi wakageuka kunitazama, hata kiziwi wa duka la viatu. Nesi akasema, "Baba, kila ukitaka kufoka, chukua kalamu uandike. Kuandika hakupandishi presha." Basi nimenunua daftari, ndilo hili.

Mimi ni fundi mizani. Mizani ya bucha, ya duka, ya ghala, hata ile ya kuning'iniza watoto kliniki, ikianza kudanganya naitwa mimi. Kibanda changu kiko nyuma ya soko. Mawe yangu ya kupimia nayafunga kwa kitambaa laini na siyashiki kwa mkono mtupu, maana jasho nalo lina uzito wake. Mtu akiniambia "kama kilo hivi", namuuliza ni kilo au si kilo.

Mke wangu ni mshonaji. Watoto wakubwa wameshajitegemea, amebaki kitinda mimba, yuko darasa la mwisho la msingi. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kufunga mdomo. Ukimtuma chumvi, anarudi na chumvi pamoja na habari za mtaa mzima. Muhula huu ndio wa mtihani wa kumaliza. Nimeshaamua afaulu kwa alama za kuonekana, sio zile za kuombewa.

Jumanne, 9 Julai

Nimetundika ubao sebuleni. Kila wiki alama zake zitaandikwa hapo kwa chaki. Mke wangu akainua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Tumefungua bucha?"

"Kitu kisichopimwa hakijulikani," nikamjibu.

"Basi nitundikie na wangu, mume wangu, tujue na mimi nina kilo ngapi."

Nimetoka nje kuja kuandika haya. Naona nesi ana akili kidogo.

Jumamosi, 13 Julai

Hesabu, arobaini na moja kati ya hamsini. Nimeandika ubaoni kwa mwandiko mzuri. Chiriku alirudi anahema, ana habari ya panya aliyeingia darasani akapanda kwenye meza ya mwalimu. Nikamkatiza. "Alama kwanza, panya baadaye." Akanipa alama. Panya sikumsikia tena, nilikuwa na haraka ya kutafuta chaki.

Jumamosi, 20 Julai

Arobaini. Nimeuliza tu ile moja imekwenda wapi.

Jumatano, 24 Julai

Upepo na vumbi tangu asubuhi. Muuza nafaka alitaka nimsawazishie mizani palepale nje ya duka. Sinia linacheza, mshale hautulii, na yeye anasema, "Fundi, soma hivyo hivyo." Nikamfokea mpaka wateja wakakimbia. Mizani haisomwi penye upepo! Unaingiza ndani, unarudisha mshale kwenye sifuri, unasubiri utulie. Mtu mzima na ndevu zake, hajui hata hilo.

Jumamosi, 27 Julai

Thelathini na nane. Nimesema kidogo tu. Mke wangu anadai hicho kidogo kimesikika mpaka kwa Kinyozi.

Jumapili, 28 Julai

Ni kweli kilisikika. Kinyozi ana chumba chake cha kunyolea mkabala na nyumba yetu, na kijana wake yuko darasa moja na Chiriku. Nilipokaa kwenye kiti, akanifunga kitambaa shingoni kwa nguvu isiyo ya lazima.

"Fundi, thelathini na nane si mbaya."

"Nani amekwambia?"

"Wewe mwenyewe. Jana. Na dirisha langu lilikuwa limefungwa."

Kijana wake anapata thelathini na mbili na nyumbani wanakula wali kwa furaha. Samaki mkunje angali mbichi, nikamwambia. Akasema ukimkunja sana anavunjika. Ana maneno kama watu wote wa kazi yake, na kwa kuwa wembe alikuwa nao yeye, nikanyamaza.

Jumamosi, 3 Agosti

Thelathini na sita.

Alhamisi, 8 Agosti

Chiriku amelalamika tumbo. Hakunywa chai. Mama yake alimpeleka zahanati, nesi hakuona kitu. Alisema watoto wenye tumbo la namna hii wamekuwa wengi wiki hii na wote wanatoka darasa moja. Kisha akauliza, "Baba yake hajambo?" Sijui maana ya swali hilo.

Jumatano, 14 Agosti

Tukiwa mezani mke wangu akaniuliza, "Unasikia?"

Nikatega sikio. "Sisikii kitu."

"Ndicho hicho. Mtoto hajasema neno tangu jana."

Nikamwambia anatunza akili kwa ajili ya mtihani. Mke wangu akaanza kuondoa sahani, na yangu ilikuwa bado na chakula.

Jumamosi, 24 Agosti

Leo presha imenipanda nami najua. Naandika nimesimama.

Matokeo ya mtihani wa majaribio yametoka. Chiriku amepata kumi na saba. Kati ya hamsini! Mtoto aliyeanza na arobaini na moja! Nimekwenda shuleni mwenyewe kuangalia orodha ukutani, nikaanza kumtafuta juu, nikashuka, nikashuka, nikamkuta chini kabisa jirani na mtoto aliyekuwa anaumwa siku ya mtihani. Wazazi wengine wamesimama pale, kila mmoja anajifanya hamwoni mwenzake.

Nikarudi nyumbani nikamsimamisha mbele ya ubao.

"Hii kumi na saba ni ya nani?"

"Yangu, Baba."

"Umeitoa wapi?"

Akaanza kunieleza polepole. Karatasi ya majibu ina mistari, kila swali na mstari wake, kila mstari una viduara vinne, unapaka penseli kimoja. Kuna swali lilimshinda, akaliruka ili alirudie mwishoni. Lakini mstari wake hakuuruka. Kwa hiyo jibu la swali lililofuata likaingia mstari usio wake, na la pili yake hivyo hivyo, mpaka mwisho wa karatasi.

"Majibu niliyajua, Baba. Nilivuka mstari tu."

"Huo ni uzembe!" nikasema. Sikusema, nilipiga ukelele. "Kwenye kazi yangu nikikosea mstari mmoja, mtu anauziwa nyama pungufu! Niliyajua, niliyajua! Ungeyajua yangeonekana!"

Nikaandika kumi na saba ubaoni, kubwa. Chiriku akasema, "Sawa, Baba." Akaingia ndani. Hakulia, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimeshatafuta na maneno ya kukijibu.

Jumanne, 27 Agosti

"Sawa, Baba." Ndiyo peke yake anayosema. Umekula? Sawa, Baba. Umesoma? Sawa, Baba. Nyumba imekuwa na sauti ya cherehani tu. Joto nalo limeanza.

Jumapili, 1 Septemba

Nimevunja glasi kwa makusudi nione kama atasema kitu. Alileta ufagio.

Jumamosi, 7 Septemba

Kikao cha wazazi wa darasa la mwisho. Nitaandika yote, maana mdomo umeniponza na nataka ijulikane uliniponza vipi.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu wa darasa, mama mmoja mpole mwenye viatu vinavyolia, akatueleza jinsi alama zitakavyohesabiwa. Karatasi zitasomwa na mashine. Kazi za darasani nazo zitaongezewa kidogo kwenye jumla. Hapo ndipo nyumba ikawaka moto.

Kinyozi akasimama. "Hicho kidogo kiwe kikubwa! Mtoto amesoma miaka saba, halafu ahukumiwe kwa asubuhi mbili? Mimi nikimnyoa mtu vibaya siku moja, ndiyo niitwe si kinyozi?"

"Wako wanaokuita hivyo sasa hivi," nikasema, watu wakacheka, nami kicheko kikanipa kichwa. Nikasimama. "Alama za darasani zinatolewa na nani? Na walimu. Walimu wana shangazi, wana majirani, wana watoto wa dada. Mtihani mmoja, mizani moja, kila mtu apande apimwe. Mtoto asiyepimwa hajulikani uzito!"

Tukapigiwa makofi wote wawili na watu walewale.

Ndipo akasimama Mama Mapacha. Huyu ana genge la matunda, na watoto wake wawili wako darasa hilo. Hapendi kusema mbele ya watu, alikuwa anazungusha funguo kidoleni. "Wangu walitoka tumbo moja siku moja," akasema. "Kwenye orodha yenu mmoja ni wa pili, mwenzake wa kumi na tisa. Sasa hawalali kitanda kimoja. Wa kumi na tisa analala jikoni kwa hiari yake. Mimi siombi alama. Naomba orodha iondoke ukutani."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Naona kila mtu alikuwa anakaribia kukubali. Na mimi, badala ya kumeza mate, nikafungua kinywa.

"Orodha ibaki! Aliyefanya vizuri aonekane, aliyelala aamke! Maswali yenyewe nimeyaona, ni ya kitoto. Mtu anayakosa kwa uzembe tu."

Kinyozi akageuka taratibu. "Fundi, wewe ungepata ngapi?"

"Mimi? Nikiwa usingizini, arobaini na tano."

"Mwalimu," akasema Kinyozi, "una karatasi ya zamani?"

Mwalimu alikuwa nayo. Alikuwa nayo mkobani, kana kwamba anatusubiri. Akasema madawati yako wazi Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, na mzazi yeyote anayetaka kuonja mtihani wa mwanawe anakaribishwa. Mikono ikapanda chumba kizima. Nikageuka, na wa mke wangu umo.

"Na orodha?" akauliza Mama Mapacha kwa sauti tamu. "Tuibandike?"

"Ibandikwe!" nikasema. Nani alisema hivyo? Mimi.

Jumatatu, 9 Septemba

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimechukua kitabu cha hesabu cha Chiriku nikakipeleka kibandani nimekifunga ndani ya kitambaa cha mawe.

Alhamisi, 12 Septemba

Kugawanya sehemu kwa sehemu, ile ya pili inapinduliwa. Kwa nini ipinduliwe? Imekosa nini? Nimemkosesha mwenye bucha mizani yake kwa sababu nilikuwa napindua.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimemuuliza Chiriku, kama utani, mahali mji ulipo kwenye ramani panatajwaje kwa latitudo na longitudo. Akaniambia maneno manne yaliyo sahihi, akanyamaza. Zamani angeniambia na rangi ya nguo aliyovaa mwalimu siku alipofundisha hilo. Nilimsubiri aendelee. Hakuendelea.

Jumatano, 18 Septemba

Tumbo linanisokota. Sikunywa chai.

Mke wangu, ambaye hajafungua kitabu hata kimoja, amechukua chaki akaandika ubaoni chini ya ile kumi na saba: BABA, BADO.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimechonga penseli tatu. Kinyozi naye nimemwona anachonga zake, kwa wembe. Tumesalimiana kama watu wanaokwenda kuzika.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika nikiwa na furaha, japo mkono umekufa ganzi.

Tulikaa dawati kwa dawati, tumetenganishwa. Mwalimu akatunyang'anya simu. Kinyozi aliomba kwenda chooni kabla ya karatasi kugawiwa, akaambiwa, "Baba, ungekwenda mapema." Mama Mapacha aliinamia karatasi yake, mkono ameuzungusha, anaficha kama anayekula karanga peke yake. Viatu vya mwalimu vinalia huku, vinalia kule, na kila vikisimama nyuma yangu nasahau saba mara nane.

Nilijibu moja mpaka nane vizuri. Nikafika swali la tisa, moyo ukaruka. Swali la mizani! Muuza duka amepima sukari kwa mizani yenye hitilafu, inaonyesha gramu hamsini zaidi. Imesoma kilo tatu. Uzito halisi ni upi?

Nikacheka kwa sauti, mwalimu akaniambia ninyamaze. Kisha nikaanza kulitazama vizuri. Hitilafu iko wapi? Kama ni ya sifuri, ni hamsini kila mara. Lakini kama springi imechoka, inakua kadiri unavyoongeza mzigo. Na kama ni sinia limepinda je? Fundi mwenye heshima yake hawezi kujibu swali hili bila kuiona mizani yenyewe. Nikasema, hili nitalirudia mwishoni, nilipe haki yake. Nikaenda la kumi.

Nilimaliza kabla ya kengele. Nikaona mstari mmoja umebaki mtupu, ule wa mwisho kabisa chini. Nikakumbuka swali langu la tisa, nikasema, naam, nafasi yako hii hapa. Nikapaka kiduara, nikapulizia vumbi la penseli.

Arobaini na tano haina shaka. Naweza kufika arobaini na saba.

Jumatatu, 23 Septemba

Kumi na moja.

Jumanne, 24 Septemba

Jana sikuweza kuandika zaidi, kwa hiyo nesi alikosea, kuna kelele zinazoshinda kalamu.

Orodha ilibandikwa ukutani palepale, kama nilivyotaka mwenyewe. Nilianza kujitafuta juu. Wa kwanza Mama Mapacha. Wa pili mke wangu. Wa pili! Alipoambiwa alisema, "Kumbe," akaendelea kutunga uzi kwenye sindano, lakini tangu hapo ananung'unika wimbo puani. Kinyozi wa saba. Nikashuka, nikashuka, na wakati nashuka nikasikia watu nyuma yangu wakinisaidia kushuka. Nilikuwa wa mwisho. Chini yangu ulikuwepo ukuta.

Kinyozi hakucheka, na hiyo ilinikata maini zaidi. Alinishika bega. "Mkuki kwa nguruwe, Fundi," akasema, akaondoka.

Niliingia kwa mwalimu bila hodi. Nilipiga kelele za mwaka mzima. Nikasema mashine yao mbovu, wailete kibandani niifungue. Mwalimu akanisubiri nimalize, akaweka karatasi yangu mezani na karatasi ya majibu sahihi kando yake, akaweka kidole.

"Jibu la swali la kumi umelipaka mstari wa tisa. La kumi na moja, mstari wa kumi. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Angalia, Baba, karibu yote ni sahihi. Yamekaa mstari mmoja juu."

"Lakini majibu niliyajua!" nikasema.

Na hapo nikajisikia. Maneno yalitoka kinywani mwangu lakini sauti haikuwa yangu, ilikuwa ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya ubao.

Mwalimu akasema, "Mashine haijui ulichokijua. Inajua ulipopaka."

Nilikwenda zahanati moja kwa moja, kichwa kinagonga. Nesi akanifunga mkono, mashine ikavimba, ikasoma. Akatazama, akaifuta.

"Kwa nini huiandiki?"

"Hii siyo presha yako, hii ni hasira uliyokuja nayo njiani. Kaa pale. Ukitulia nitapima tena. Mtu hapimwi akiwa anahema."

Nikakaa kwenye benchi. Nikamkumbuka muuza nafaka na mizani yake kwenye upepo, na jinsi nilivyomfokea mbele ya wateja wake. Ndevu zangu ni ndefu kuliko zake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na baada ya aibu nikaona huzuni, maana aibu ilikuwa yangu lakini tumbo lilikuwa la mtoto.

Nilimkuta Chiriku barazani anamkunjia mama yake vitambaa. Nikakaa kwenye ngazi ya chini yake.

"Umepata ngapi, Baba?" akauliza. Alikuwa anajua. Mtaa mzima ulikuwa unajua.

"Kumi na moja."

Akakunja kitambaa kimoja, akakiweka juu ya vingine.

"Ulivuka mstari?"

"Nilivuka."

"Swali la ngapi?"

"La tisa. La mizani."

Akanitazama. Midomo ikaanza kumtetemeka, akaibana kwa mkono, ikamshinda. "La mizani!" akasema. "La mizani, Baba! Umeliruka la mizani!" Akacheka mpaka vitambaa vikamwagika chini, mama yake akatoka mbio na utepe wa kupimia shingoni akidhani kuna mtu ameanguka.

"Majibu niliyajua," nikamwambia.

"Najua, Baba," akasema.

Ndivyo alivyosema, hivyo tu, bila kutafuta maneno. Mimi aliponiambia nilimpigia ukelele. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu," nikainama kuokota vitambaa. Akasema, "Sawa, Baba," lakini haikuwa ile sawa ya siku zote.

Jumatano, 25 Septemba

Ubao umetoka. Mke wangu anautumia kukatia vitambaa. Sebule imekuwa kubwa.

Jumamosi, 28 Septemba

Chiriku amenifundisha. Unaweka rula chini ya mstari, unataja namba ya swali, unataja namba ya mstari, ndipo unapaka. Ukiruka swali, rula nayo inaruka. Tumefanya mazoezi, yeye na mimi, kwenye karatasi niliyomchorea mwenyewe. Nilivuka mara moja, akanicheka. Yeye hakuvuka. Nilimwonyesha jinsi ninavyosubiri mshale utulie, akasema kwani mshale nao unaumwa tumbo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kikao kingine. Kinyozi bado anataka alama za darasani ziongezwe, nami bado napinga, tumebishana mpaka mwalimu akagonga meza. Ya hesabu za alama hatukuyamaliza na sidhani kama tutayamaliza. Lakini orodha ya ukutani, Mama Mapacha alipoileta tena, mwalimu aliuliza kama yuko anayetaka ibaki. Watu wote wakanitazama mimi. Nikasema, "Mnatazama nini? Iondoeni!" Kila mtoto ataitwa peke yake aambiwe zake sikioni.

Mama Mapacha amenitumia maembe. Anasema wa kumi na tisa ametoka jikoni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Amekunywa chai.

Jumapili, 20 Oktoba

Wingu zito tangu mchana, halinyeshi. Mtaa mzima unaongea kwa kunong'ona. Kinyozi ameninyoa bila kusema neno, akasahau upande mmoja.

Jumanne, 22 Oktoba

Siku ya kwanza ya mtihani. Getini kila mzazi alikuwa na lake la mwisho la kumwambia mwanawe: kumbuka kuandika namba, kumbuka kipeo, mkumbuke babu yako aliyeuza ng'ombe. Mimi niliuma ulimi mpaka nikasikia ladha ya chuma. Nilimpa rula. Akaiweka kwenye soksi, akaingia.

Mvua ilianza kabla hawajatoka. Nilisubiri nje na wenzangu, tumejibanza chini ya ukingo wa paa, Kinyozi ameshika mwavuli wa mke wake wenye maua. Tulikuwa tumeapishana mtu asiulize. Watoto wakatoka, wazazi wote tukafumba midomo kama mitungi iliyozibwa. Chiriku akanishika mkono tukatembea.

"Huniulizi, Baba?"

"Sikuulizi."

"Hata kidogo?"

"Mvua inanyesha, mwanangu, twende."

Akacheka, akaanza habari ya msimamizi ambaye shati lake lilikuwa limegeuzwa ndani nje na hakuna aliyethubutu kumwambia. Tulifika nyumbani tumelowa chapachapa na habari ilikuwa haijafika katikati.

Jumatano, 23 Oktoba

Siku ya pili, imekwisha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Zahanati. Presha imeshuka. Nesi ameuliza kama bado naandika, nikamwambia ninaandika, lakini siku hizi nakosa cha kufokea. Akasema nisijali, kitapatikana.

Ijumaa, 29 Novemba

Asubuhi nilikuwa kibandani nimefungua mizani ya bucha, springi mkononi, nikasikia miguu inakuja mbio kwenye matope. Nilijua leo ndiyo leo. Walikuwa wanaitwa mmoja mmoja ofisini kwa mwalimu. Chiriku akasimama mlangoni, kifua kinapanda na kushuka, mkononi ana kipande cha karatasi kilichokunjwa.

Nikaweka springi chini. Nikafuta mikono kwa kitambaa. Moyo wangu ulikuwa unapiga namna ambayo nesi asingeniandikia.

"Baba," akasema, "leo ofisini kwa mwalimu..." Akajikatiza mwenyewe, akanyoosha ile karatasi. "Haya. Alama kwanza."

Niliitazama karatasi. Mungu ni shahidi wangu, niliitaka. Lakini pale mlangoni alikuwa amesimama yuleyule wa mwezi wa saba, anahema, kinywa kimejaa.

Nikamsogezea kigoda. "Panya kwanza," nikasema. "Hukunimalizia habari ya panya."

Akanitazama kama mtu anayeangalia kama mshale umetulia. Kisha akakaa, akaweka karatasi juu ya sinia la mizani, akaanza. Panya aliingia kwa dirishani. Hapana, ngoja, kabla ya panya kulikuwa na mkate wa mmoja wa mapacha. Mwenye bucha alikuja kuchukua mizani yake akasimama kusikiliza. Kinyozi akaja, ana povu la sabuni mikononi, amemwacha mteja kitini, naye akasimama. Panya akapanda meza ya mwalimu, akaruka kwenye mkoba, mkoba ukakimbia. Tulicheka mpaka yule mteja akatufuata na nusu ya ndevu.

Alipomaliza alinipa karatasi. Amefaulu. Alama sikuziandika humu. Daftari hili ni la kelele zangu, si la alama zake.

Jumamosi, 30 Novemba

Chiriku anaongea tangu alfajiri. Kichwa kinaniuma. Namshukuru Mungu.